Thomas Horsfield, tabibu wa Java aliyewajengea vipozamataza nyumba

Katika ndege wote tunaoishi nao hapa Pwani, sidhani kuna anayepuuzwa kuliko kipozamataza. Kasuku ana maneno yake, tausi ana mapambo yake, njiwa amebebeshwa salamu za wapenzi tangu zama za mababu, na hata kunguru, pamoja na wizi wake, ana misemo isiyohesabika. Kipozamataza hana chochote. Rangi yake ni rangi ya udongo na nyasi kavu. Hutembea chini kwa miguu kama mtu aendaye sokoni, wala harukiruki kama shomoro. Ukimkaribia hujikunyata mpaka ukadhani ni donge la mchanga. Kisha, kwa ghafla, hupaa juu akaimba angani, na hapo ndipo mtu huinua kichwa na kuuliza ni nani huyo.

Mimi nimekaa na mashairi kwa zaidi ya miaka thelathini, yangu na ya wenzangu, na sikumbuki hata ubeti mmoja alimotiwa ndege huyu. Lakini kwa wataalamu wa elimu ya viumbe mambo ni kinyume. Kipozamataza amewasumbua vichwa kwa zaidi ya miaka 200: huyu ni ndugu wa yupi, yule ametoka tumbo gani, na ni nani ahamishwe nyumba. Katika fumbo hilo jina moja halikwepeki, nalo ni la tabibu wa Kimarekani, Thomas Horsfield, aliyekaa katika kisiwa cha Java na jirani zake kwa karibu miaka 18, miongoni mwa Waislamu wa huko, na mwaka 1821 akauandika ukoo wa vipozamataza uitwao Mirafra. Maisha ya mtu huyu ndiyo ninayotaka kuyasimulia leo, kwani yanatugusa kwa njia ambazo msomaji pengine hazidhanii.

Horsfield alizaliwa tarehe 12 Mei, 1773, katika mji wa Bethlehem. Si ule alikozaliwa Nabii Issa, alayhi salaam, bali ni mji mdogo wa Pennsylvania uliopewa jina hilo na Wakristo wa madhehebu ya Moravia waliouanzisha, na watu wa Horsfield walikuwa miongoni mwa hao. Taifa la Marekani lenyewe lilikuwa halijakuwa. Lilijitangazia uhuru yeye akiwa na umri wa miaka mitatu. Alisomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania akahitimu mwaka 1798, na maandishi aliyoyatoa ili kuhitimu yalihusu mimea ya sumu ya kwao, ile ambayo mtu akiigusa ngozi humwasha na kutoka malengelenge. Hiyo ilikuwa dalili ya mapema ya tabia yake. Hakuwa mtu wa kuridhika na yaliyosemwa juu ya kitu; alitaka kukishika mwenyewe.

Mwaka 1799 aliajiriwa kuwa tabibu wa merikebu ya biashara iliyoitwa China, na mwaka 1800 merikebu hiyo ikatia nanga Batavia, mji ambao leo ni Jakarta. Alichokiona pale kilimtia wazimu wa heri. Alirudi kwao, lakini moyo aliuacha Java, na mwaka 1801 alirejea tena akaingia katika utumishi wa Waholanzi kama tabibu wa jeshi lao la koloni. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki ilikuwa imekwisha kuvunjwa, madeni yameishinda, na vita vya Ulaya vilikuwa vimezifanya safari za baharini kuwa za mashaka. Dawa za kutoka ng'ambo haziaminiki kufika. Basi Horsfield akajitia katika kazi ya kuchunguza miti ya dawa ya palepale Java.

Nadhani kazi hiyo ndiyo iliyomfinyanga. Mtaalamu anayekusanya ndege waliokufa anaweza kukaa mwaka mzima katika nchi bila ya kuuliza neno kwa mwenyeji. Hupiga risasi, akachuna ngozi, akatia sandukuni. Lakini mtu anayetafuta dawa ya kienyeji hana budi aulize: mti huu mnauitaje, jani lake latibu nini, mzizi wake huchemshwa au hupondwa? Ukiwa na desturi ya kuuliza juu ya mti, utauliza na juu ya ndege aliyetua juu yake.

Kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Surakarta, mji wa kifalme katikati ya kisiwa, wenye msikiti wake mkuu kando ya uwanja wa kasri. Aliyetawala wakati huo ni Susuhunan Pakubuwana wa Nne, aliyeshika enzi mwaka 1788 hadi 1820. Msomaji wa Lamu au wa Mombasa asiione nchi hiyo kuwa ng'ambo ya dunia. Hadhramaut hiyohiyo iliyotuletea masharifu wetu ndiyo iliyowapelekea Wajava wa kwao. Majina ya Alhabshi na Alatas unayoyasikia huku utayasikia na kule, na fiqhi inayosomwa misikitini mwao ni ya Imamu Shafi, kama yetu.

Sifa ya kwanza ya Horsfield haikutokana na ndege bali na uongo. Mwaka 1783 jarida moja la London lilichapisha masimulizi ya mtu aliyejitaja kuwa tabibu wa Waholanzi, kwamba Java kuna mti uitwao upas ambao pumzi yake huua kila chenye uhai kwa maili nyingi pande zote. Hapana jani linaloota karibu nao, hapana ndege apitaye juu yake. Waliohukumiwa kufa, ilisemwa, hutumwa kwenda kuuchukua utomvu wake, na wengi wao hawarudi. Ulaya nzima ikaamini, na washairi wa Kiingereza wakautia mti huo katika tungo zao. Siwalaumu sana. Sisi washairi tukiletewa uongo mzuri huwa hatuudai ushahidi.

Horsfield aliudai. Aliutafuta mti wenyewe, akaupata umesimama msituni na miti mingine imeuzunguka, yote mizima. Akajifunza kwa wenyeji namna utomvu unavyotolewa na kutengenezwa, akaijaribu sumu hiyo kwa wanyama na kuandika dakika kwa dakika jinsi ilivyowaua. Maelezo yake yalichapishwa Batavia mwaka 1814, na yalisema jambo la wazi: sumu ni ya kweli, na ni kali ikiingia katika damu kwa ncha ya mshale, lakini yale ya pumzi ni hadithi tupu. Mti wa jinsi hiyo, Antiaris toxicaria, waota pia katika misitu ya Kenya na Tanzania, na watu na mifugo yao hupita kivulini mwake salama.

Wakati huo bendera ya Batavia ilikuwa imekwisha badilika. Mnamo Agosti 1811 Waingereza waliishambulia Java na kuiteka, na kiongozi waliyemweka alikuwa Stamford Raffles, yule ambaye baadaye aliianzisha Singapore. Raffles alikuwa na pupa ya elimu ya nchi za Mashariki, na alipomkuta Horsfield Surakarta akamchukua katika utumishi wa Kampuni ya Kiingereza. Hivyo tabibu yule yule, katika chumba kilekile, akabadili bwana bila ya kubadili kazi. Wapo watakaosema huo ni unyonge. Mimi naona ni hali ya wasomi wengi chini ya dola za kigeni, na ni vyema tukumbuke kwamba elimu hii tunayoisifu ilisafiri ndani ya merikebu za watu waliokwenda kuteka nchi za wengine.

Mwaka 1812 na 1813 alitumwa kisiwa cha Bangka, karibu na Sumatra, kutazama machimbo ya bati. Taarifa ya bati aliiandika, lakini kilichobakia katika vitabu vya dunia ni kinyama kidogo cha usiku, mfano wa komba wetu, chenye macho makubwa kuliko uso wake, ambacho kisayansi mpaka leo hubeba jina la kisiwa hicho: bancanus. Mlima Tambora ulipolipuka mwezi Aprili 1815 huko Sumbawa, mashariki ya Java, ukiwa ndio mlipuko mkubwa wa volkano kuliko wote uliorekodiwa na wanadamu, yeye alikuwa bado anaokota wadudu na kukausha majani. Aliikusanya mimea, ndege, wanyama, vipepeo na mawe, na kila alipoweza aliliandika jina la Kijava kando ya kila kitu.

Hapa nataka tutue kidogo, kwani ndipo penye kiini cha maisha yake.

Mtu anayempa ndege jina la kisayansi ana hiari kubwa. Anaweza kutumia Kilatini au Kigiriki, anaweza kumpa jina la rafiki yake, au la tajiri aliyemlipia nauli. Horsfield naye alitumia sana Kilatini na Kigiriki, kama wenzake. Lakini mara kwa mara aliliacha neno la Kijava liingie mlangoni na kukaa. Bundi mmoja mkubwa alaye samaki, aliyeitwa na Wajava ketupu, aliandikwa ketupu na hivyo ndivyo ajulikanavyo na sayansi mpaka sasa. Bundi mwingine, mdogo, aliandikwa lempiji, nalo ni neno la kwao. Na kijindege chembamba cha vichakani, chenye mkia mrefu unaochezacheza, kikapewa jina la ukoo Prinia kutokana na neno la Kijava prinya.

Hilo la mwisho lafaa kumshtua msomaji wa Pwani. Kwani kijindege cha ukoo huo kimo katika bustani zetu na pembeni mwa mashamba yetu, na mtaalamu yeyote duniani akikiandika hukiandika Prinia. Maana yake, neno lililosemwa na mkulima wa Java zaidi ya miaka 200 iliyopita ndilo linalotumika kumtaja ndege wa Malindi na Kilifi. Lugha ya Kiislamu ya mashariki ya bahari yetu imemtaja ndege wetu, nasi hatuna habari.

Mwaka 1816 Waingereza waliirudisha Java kwa Waholanzi. Horsfield alibaki kwa muda, kisha mwaka 1818 akavuka kwenda Sumatra alikokuwa Raffles, wakafika pamoja bara ya Minangkabau, nchi maarufu kwa Uislamu wake na kwa urithi wa nyumba unaopitia kwa mama. Mwaka 1819 alipakia masanduku yake na kuelekea London. Kufika huko akatiwa katika makumbusho ya Kampuni ya India Mashariki, kwenye jumba lao la Leadenhall Street, na kuanzia mwaka 1820 mpaka siku ya kufa kwake hakuwa na kazi nyingine. Alikwenda Mashariki kijana, akarudi mtu mzima wa miaka 46, na miaka 40 iliyobakia aliitumia kuyapanga yale aliyoyakusanya katika miaka 18.

Ndipo tunapomfikia kipozamataza.

Mwaka 1821 Chama cha Linnaeus cha London kilichapisha orodha ya ndege wa Java iliyopangwa na Horsfield. Ndani yake mlikuwamo ndege mmoja mdogo, mnene wa mdomo, mwenye wekundu wa kutu katika mabawa, ambaye Wajava walimwita branjangan. Kumuona tu alijua kuwa ni kipozamataza. Lakini wa ukoo gani?

Kabla yake, mpango uliotawala ni ule wa Linnaeus, bwana mkubwa wa Sweden, ambaye mwaka 1758 aliwatia vipozamataza wote katika ukoo mmoja, Alauda. Ukoo, au kama wasemavyo wataalamu jenasi, ni nyumba. Na spishi ni watoto waliomo. Nyumba ya Linnaeus ilikuwa na milango wazi mno. Aliwaingiza hata ndege wengine wa ardhini wasiokuwa vipozamataza, kwa sababu tu wamefanana nao kwa rangi na mwendo. Alama ya kweli ya kipozamataza haiko katika rangi. Iko nyuma ya mguu: ndege wengi waimbao wana mguu ulio mkali kwa nyuma kama makali ya kisu, lakini wa kipozamataza ni wa mviringo na umefunikwa magamba nyuma kama mbele. Kitu kidogo namna hiyo ndicho kitenganishacho.

Horsfield alimtazama branjangan mdomoni, bawani na guuni, akaona hakai katika nyumba ya Alauda. Akamjengea yake, akaiita Mirafra, na ndege mwenyewe akamwita Mirafra javanica, yaani wa Java. Jina la branjangan akaliandika kando. Siku ile nyumba ilikuwa na mtoto mmoja tu.

Sisi tuliopitia chuoni na kwa mashekhe tuna mfano wa mpango mwingine. Kamaluddin Addamiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, mwanachuoni wa Kishafi aliyeishereheka Minhaji ya Imamu Nawawi, alikusanya viumbe katika kitabu chake Hayatul Hayawan kwa kufuata herufi za alifu, be, te. Kipozamataza, kwa Kiarabu qubbara, yumo katika herufi yake, pamoja na hukumu ya kuliwa kwake na tafsiri ya kumuota. Ni mpango wa mtu anayetaka msomaji apate haraka anachokitafuta, wala haudai kuwa simba na nyuki ni ndugu kwa kuwa wamepangwa jirani. Mpango wa Horsfield na wenzake ulidai zaidi ya hapo. Ulidai kusema nani ni jamaa ya nani kwa kweli. Na mwenye kudai zaidi huwa na zaidi la kupoteza.

Hasara ilikuja mapema. Katika miaka ya 1820 Horsfield na rafiki yake Nicholas Vigors, ambaye pamoja naye aliwaandika ndege wa Australia mwaka 1827, walishikwa na nadharia iliyokuwa mtindo wa wakati ule: kwamba Mungu aliviumba viumbe vyote katika mizunguko ya matano matano, kila mzunguko ukigusana na mwenzake. Ni nadharia nzuri kama shairi lenye vina vilivyokamilika, na kasoro yake ni hiyohiyo. Pale ambapo kiumbe hakutosha katika tano, alisukumwa mpaka akatosha. Mtu aliyeudai ushahidi kwa mti wa upas, kwa jambo hili hakuudai vya kutosha. Baada ya miaka kiasi ya ishirini nadharia ile ilikuwa imekufa, na leo hata wenye kuisoma hufanya hivyo kwa udadisi tu.

Miaka yake ya London naweza kuipitia upesi, kwani ni maisha ya mtu wa mezani. Aliitoa kazi yake juu ya wanyama wa Java kati ya 1821 na 1824, yenye picha za rangi. Akauandika ukoo wa dubu wadogo wa nchi za joto, Helarctos. Aliifuatilia maisha ya vipepeo tangu ni viwavi. Na mimea yake ya Java ilitolewa pamoja na Robert Brown na John Bennett kwa vipande, kuanzia 1838 mpaka 1852. Mwaka 1826 alikuwa miongoni mwa makatibu wa mwanzo wa Chama cha Zuolojia cha London, na mwaka 1828 aliingizwa katika Royal Society. Alipokuwa mzee, yeye na msaidizi wake Frederic Moore walitoa orodha ya ndege wa makumbusho yao. Alifariki London tarehe 24 Julai, 1859, na miaka 86 kichwani. Miezi minne baadaye kitabu cha Charles Darwin juu ya asili ya spishi kilitoka, na maana ya neno ukoo ikabadilika. Tangu hapo watu wa nyumba moja si wale waliofanana, bali ni wale wenye babu mmoja.

Nyumba ya Mirafra nayo haikukaa na mtoto mmoja. Ndege wa India waliingizwa, kisha wa Afrika, mmoja baada ya mmoja, mpaka wakapita 20. Kila kipozamataza mnene wa mdomo, mwenye wekundu bawani na apendaye vichaka, aliambiwa nyumba yako ni hii. Hivyo ndivyo ndege wetu walivyopata hifadhi katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya branjangan wa Java. Mmoja wao tunamjua vizuri kwa sauti ingawa si kwa sura: ni yule apaaye juu ya vichaka vya Pwani, akayapiga mabawa yake kwa kasi mpaka yakatoa mlio kama kitambaa kinachopepesuka kwenye upepo.

Na tazama alivyopewa jina huyo. Mwaka 1878 Anton Reichenow wa Berlin alimwandika ndege wa pwani yetu kuwa fischeri, kwa heshima ya Gustav Fischer, Mjerumani aliyekuwa akiishi Unguja na aliyefika mpaka Mto Tana. Fischer naye alikuwa tabibu kama Horsfield. Aliishi na Waswahili, akasafiri na wapagazi wa Kiswahili, na hapana shaka waliomwongoza vichakani walikuwa na jina la ndege yule ulimini mwao. Halikuingia. Kipozamataza adimu wa huko Marsabit na Isiolo, ambaye hapatikani popote duniani ila Kenya, alipoandikwa mwaka 1956 aliitwa williamsi, kwa jina la John Williams wa makumbusho ya Nairobi. Sisemi kuwa mabwana hao hawakustahili heshima. Nasema kwamba Wagabbra, Warendille na Waborana wamechunga ngamia wao kati ya ndege hao karne kwa karne, na neno lao halikupewa hata nafasi ya pembeni, ile nafasi ndogo ambayo Horsfield alimpa branjangan.

Wala Horsfield mwenyewe simtakasi. Katika orodha ya 1821 majina ya Kijava ya ndege yamehifadhiwa, lakini waliomtajia majina hayo, waliomtegea na kumletea ndege, hawakutajwa. Tumerithi ketupu na lempiji. Hatukurithi jina la mtu hata mmoja aliyeyatamka.

Ndege wenyewe hawakudumu pale Leadenhall Street. Kampuni ya India Mashariki ilinyang'anywa utawala wake mwaka 1858, makumbusho yakahamahama, na mwaka 1879 viumbe wake wakapelekwa British Museum. Kwa zaidi ya miaka mia baada ya hapo mabishano juu ya Mirafra yaliendelea kwa kupima midomo na kucha za ndege waliokauka. Kisha ikaja elimu ya kusoma vinasaba, yaani ule urithi ulioandikwa ndani ya kila chembe ya mwili. Mwaka 2013, na tena kwa upana zaidi mwaka 2023, kundi la wataalamu lililoongozwa na Per Alström wa Uppsala, nchini Sweden, liliwasoma vipozamataza wa dunia kwa njia hiyo. Jawabu lilikuwa la kuaibisha macho. Mdomo mnene au mwembamba, rangi nyekundu au ya kijivu, vyote hivi hubadilika upesi kwa kufuata chakula na udongo, na ndege wasiokuwa ndugu wa karibu hufanana kwa sababu wameishi maisha ya namna moja. Nyumba ya Mirafra ilikuwa na familia nne ndani yake.

Zikatengwa. Wengi wa wale wa India na Asia ya kusini mashariki walipewa nyumba ya Plocealauda. Baadhi ya wale wakubwa wa Afrika, wenye utosi mwekundu na waimbao juu ya vichuguu, walikwenda Corypha. Yule wetu wa Pwani apigaye mabawa alihamishiwa Amirafra. Ukitazama vitabu vya ndege vya zamani utamkuta bado katika makao ya kwanza, basi usidhani ni ndege wawili.

Waliobaki kwa Mirafra ni wachache, hawafiki 10. Lakini waliobaki wana jambo. Yumo yule wa Marsabit, ambaye hajavuka hata mpaka wa Kenya. Yumo mmoja mwimbaji, Mirafra cantillans, anayeonekana Kenya, akaonekana kusini ya Arabuni, akaonekana India, kana kwamba ameifuata njia ya majahazi yetu bandari kwa bandari. Kwa muda mrefu huyo alihesabiwa kuwa ndege mmoja na branjangan. Leo wametengwa kuwa spishi mbili, lakini nyumba yao ni moja, na damu imeshuhudia kwamba Horsfield, aliyekuwa na ngozi kavu na lenzi yake tu, aliijenga mahali pake.

Na branjangan yu hapo. Huko Java angali anafugwa vizimbani kwa ajili ya sauti yake, akiiga milio ya ndege wengine, na wenyeji wangali wanamwita jina lile lile alilolisikia tabibu wa Bethlehem. Kwa kanuni za wataalamu wenyewe, spishi ambayo kwayo ukoo uliandikwa mara ya kwanza haiwezi kutolewa katika ukoo huo. Wakihama wote, hata ndugu zake wa Kenya siku moja wakionekana kuwa ni wa nyumba nyingine, jina la Mirafra litabaki kwake yeye.